Kuzuia Mimba kwa Muda Mrefu kwa Mwanamke Aliyekaribia Kukatikiwa na Hedhi

 

Katika darsa ya akina mama wa Thika na Ruiru limeletwa suala ambalo twaona si la mtu mmoja, bali ni la wengi wanaoona haya kulisema. Mama mmoja, mzaliwa wa Mombasa aliyemfuata mumewe bara, ana umri wa miaka 44. Amezaa mara saba, na mara mbili za mwisho alipasuliwa. Katika mimba ya mwisho alipandwa na presha hata akapoteza fahamu. Hospitalini alielezwa mambo matatu achague moja: kutiwa kijiti mkononi, kutiwa koili katika kizazi, au kufungwa mirija. Mumewe akasema yote matatu ni haramu, na kwamba riziki ni ya Mungu. Mamake naye akamletea kutoka nyumbani uzi wenye mafundo avae kiunoni. Basi yeye auliza: nishike lipi, nisimuasi Mola wangu, wala nisimvunjie mume wangu heshima yake, wala nisiwaache wanangu mayatima?

Tumeonelea kulijibu kwa urefu, kwa kuwa ndugu zetu wa Mombasa, Lamu na Malindi wengi wana mabinti na dada wanaokaa miji hii. Ruiru peke yake ilihesabiwa watu 490,120 mwaka 2019, na Thika 251,407. Na Waislamu waliomo ni wachache, wametawanyika, na mwanamke aweza kukaa mwaka mzima asipate wa kumuuliza mambo ya tohara yake ila jirani asiyejua.

Kwanza tuondoe uzi. Mafundo, hirizi na kombe havizuii mimba wala havileti, na mwenye kuitakidi kuwa vyazuia ametia doa katika tauhidi yake. Hatutaki kusema zaidi hapa. Yatosha kuwa wangapi wamevaa uzi huo na wakazaa nao kiunoni.

Ama asili ya kuzuia mimba, ndugu zetu wafahamu kuwa si jambo lililozuka pamoja na madaktari wa Kizungu. Masahaba walikuwa wakifanya azli, nako ni mume kujitoa kabla ya kumwaga manii. Jabir bin Abdillahi (R.A.) ameeleza kuwa walikuwa wakifanya hivyo zama Kur'ani ingali ikiteremka, na khabari hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Hoja yake ni wazi: lau lilikuwa la kukatazwa, Wahyi ungalikataza. Kweli imo pia katika Muslim hadithi ya Judama binti Wahbi ambamo Mtume (S.A.W.) ameifananisha azli na kuua kwa siri, na hiyo ndiyo wanayoishika wanaokataza. Lakini wanavyuoni waliozikusanya hadithi zote wamesema hiyo yaonyesha karaha, si uharamu, na Imamu Nawawi katika madhehebu yetu ya Kishafi ameihesabu azli kuwa ni makruhu. Makruhu huondoka kwa haja. Hilo kila mwanafunzi wa fikihi alijua.

Imamu Ghazali katika Ihya, mlango wa adabu za nikahi, amelichambua jambo hili kuliko mtu yeyote tumjuaye. Ametazama nia. Amekubali mtu kuzuia kwa kumhifadhi mke na khatari ya uzazi, na hata kwa kuogopa dhiki ya watu wengi nyumbani, ijapokuwa hili la pili amesema ni kuacha lililo bora. Akalaani nia ya anayezuia kwa kuchukia kuzaliwa watoto wa kike. Na akapambanua baina ya kuzuia kisichokuwako na kutoa kilichokwisha kuwako: hili la pili ni jinai, na jinai yake yazidi kadiri mimba ikuavyo. Kwa hiyo aya za Suratul Anaam na Suratul Israi zinazokataza kuua watoto kwa kuogopa ufukara si hoja juu ya azli, maana mtoto asiyekuwako hauawi.

Mume wa muulizaji amesema riziki ni ya Mungu, na amesema kweli. Lakini mkewe hakutaja riziki. Ametaja roho yake. Mwenye kuchanganya mambo haya mawili humjibu mtu suala asilouliza. Na aangalie aya ya 233 ya Suratul Baqara: Mwenyezi Mungu ameweka kunyonyesha miaka miwili kwa atakaye kutimiza, kisha akaondoa lawama kwa mume na mke wakitaka kumwachisha mtoto kabla yake, kwa sharti ya kuridhiana na kushauriana. Ikiwa ziwa la mtoto lataka mashauri ya watu wawili, basi vipi mimba? Wanavyuoni wa Hanafi, Maliki na Hambali hawakumruhusu mume kufanya azli ila kwa idhini ya mke. Nasi twamwambia mke vivyo hivyo: asifiche. Lakini mume naye ajue kuwa haki yake ya watoto haifiki mahali pa kumpeleka mkewe kaburini, na daktari akisema kwa yakini kuwa mimba ni khatari, mke ana haki ya kujikinga hata mume akinuna.

Sasa tuje kwenye umri wenyewe, kwani ndipo watu wengi wanapokosea. Mwanamke akifika miaka 42 au 45, hedhi zake zikaanza kurukaruka, hudhani mlango umefungwa. Haujafungwa. Hedhi hukoma kwa wanawake walio wengi baina ya miaka 45 na 55, na kabla ya hapo hupita miaka kadhaa ya kwenda na kurudi: miezi miwili hapana kitu, wa tatu yaja kwa wingi. Katika miaka hiyo yai laweza kutoka wakati usiotazamiwa. Uwezekano wa kushika mimba umepungua, haukuondoka. Na mimba yenyewe, ikija, huja na khatari kubwa zaidi ya presha, sukari, kutoka damu na kuharibika. Hata mtoto: akina mama wa miaka 40, karibu mmoja katika 100 huzaa mtoto mwenye maumbile yaitwayo Down, na wa miaka 45 ni karibu mmoja katika 30. Hatusemi haya kumdharau mtoto huyo, kwani naye ni amana na ana haki zake zote. Twasema ili mtu achague hali ajua.

Kanuni ya madaktari ni hii: mwanamke aliyepita miaka 50 akae mwaka mzima bila kuona damu ndipo aache kinga, na aliye chini ya miaka 50 akae miaka miwili. Hii ni kwa asiyetumia dawa zenye homoni, kwa sababu homoni hubadili damu, na damu yake si dalili tena.

Ama vitu vyenyewe. Kijiti hutiwa chini ya ngozi ya mkono wa juu. Kuna cha vijiti viwili kinachofanya kazi miaka 5, na kuna cha kijiti kimoja kilichozoewa kuhesabiwa miaka 3. Kazi yake ni kuzuia yai lisitoke na kuuzito ute wa mlango wa kizazi. Koili ya shaba haina homoni. Shaba hudhoofisha manii yasifikie yai, na aina iliyoenea hukaa miaka 10. Na hapa pana faida ambayo muulizaji wetu hakuelezwa: koili ya shaba akitiwa mwanamke aliyetimiza miaka 40, madaktari hukubali ikae mpaka hedhi ikome, isibadilishwe. Aibu yake ni kuzidisha damu na maumivu, khasa miezi ya mwanzo, na mwenye uvimbe wa kizazi anayemwaga damu nyingi haimfai. Huyo hufaa koili ya pili, yenye homoni, ambayo hupunguza damu sana, na wako wanaotiwa kwa ajili ya damu hiyo tu, si kwa mimba.

Sindano ya miezi mitatu imezoeleka, lakini huchelewesha kurudi kwa uzazi na hupunguza uzito wa mifupa, na kwa mwanamke anayekaribia uzee mifupa ni jambo la kuangaliwa. Vidonge vya homoni mbili havimfai mwenye presha, wala mwenye kuvuta sigara aliyepita miaka 35, wala mwenye maumivu ya kichwa ya upande mmoja yenye kutangulia mwangaza machoni. Na watu wetu wa pwani presha na sukari wamezipokea kama mahari. Kwa hiyo mwanamke asiazime vidonge vya shoga yake. Apimwe kwanza.

Yasemwayo mitaani kuwa koili hupanda mpaka moyoni ni uzushi. Yaweza kutoboa kizazi wakati wa kutiwa, nalo ni jambo la nadra, kama mmoja au wawili katika elfu, na yaweza kutoka yenyewe bila mtu kujua. Ndiyo maana hufundishwa kuuchungua uzi wake. Na wako wasemao kuwa kijiti huzuia maji ya josho. Kijiti ki chini ya ngozi. Maji hupita juu ya ngozi. Josho lake ni sahihi.

Limebaki la tatu alilotajiwa, nalo ni kufunga mirija. Hapa hukumu yageuka. Wanavyuoni wetu wa Kishafi wamepambanua baina ya kinachochelewesha mimba na kinachoikata kabisa. Ibnu Hajar katika Tuhfa ametaja uharamu wa kutumia kinachokata mimba tangu shina lake, na Bujairimi na wengineo wamesema kinachoichelewesha muda bila kuikata si haramu. Baraza la Fikihi la nchi za Kiislamu lilipokutana Kuwait mwezi wa Desemba 1988 liliamua kwa mfano huo huo: kuzuia kwa muda kwaruhusiwa kwa haja, na kwa kushauriana na kuridhiana mume na mke, bila ya madhara, kuondoa uwezo wa kuzaa kwa mume au mke ni haramu ila kwa dharura, na haifai sheria ya serikali iwalazimishe watu idadi ya watoto. Hili la mwisho twalitaja makusudi, kwa kuwa tangu serikali ya Kenya ilipoanzisha mpango wake wa uzazi mwaka 1967 wengi wetu waliutuhumu kuwa ni hila ya kuwapunguza Waislamu. Tuhuma hiyo isimfanye mgonjwa akose dawa. Hapana anayeshikwa mkono.

Atauliza mtu: mwanamke wa miaka 46 aliyepasuliwa mara tatu, je, hana dharura? Twajibu: dharura anayo, lakini kanuni ya fikihi yasema dharura hupimwa kwa kadiri yake. Tazama basi. Koili na kijiti huzuia mimba karibu sawasawa na kufunga mirija. Wote watatu, katika wanawake 100 kwa mwaka, hushika mimba chini ya mmoja. Naye amebakiwa na miaka michache tu, na koili ya shaba yaweza kumfikisha mwisho wake. Ikiwa jepesi latosha, zito halihalaliki. Kwa hiyo kwa mwanamke wa umri huu sisi twaona kisu hakina udhuru ila kwa ambaye koili na kijiti vyote havimfai kwa maradhi, au ambaye yu juu ya meza ya kupasuliwa na daktari mwaminifu ameona kizazi chake hakitahimili tena. Huyo afungwe, wala hapana dhambi juu yake. Zamani, kabla ya kupatikana vitu hivi, huenda jawabu lingalikuwa jingine. Na hukumu ya mume kufungwa ni hiyo hiyo. Ama mpira anaovaa mume hukumu yake ni ya azli, na waume wanaopiga kelele juu ya kijiti cha mke mbona hawaukumbuki.

Sasa tufike penye tohara, ambapo kwa maoni yetu pana msiba mkubwa kuliko mimba. Tumekuta wanawake waliotiwa kijiti wakawa waona matone ya damu siku baada ya siku, wakaacha Sala miezi miwili au mitatu wakidhani wako hedhini. Hili halifai kabisa. Katika madhehebu yetu hedhi haipungui usiku na mchana mmoja, wala haizidi siku 15, na tohara baina ya hedhi mbili haipungui siku 15. Damu ikija na kukatika ndani ya siku 15, na jumla ya damu yenyewe ikafika saa 24, basi siku hizo zote ni hedhi, hata zile za kukatika katikati, kwa kauli yenye kutegemewa. Matone yasiyofika jumla hiyo si hedhi. Ikipita siku 15 bila kukoma, huyo ni mwenye istihadha. Atazame: akiweza kupambanua damu nzito nyeusi na damu hafifu, nzito ndiyo hedhi kwa masharti yake, asipoweza, arejee ada yake aliyoizoea kabla ya kijiti, kama siku 6 au 7, na zilizobaki ni tohara. Katika tohara hiyo hujiosha, hufunga kitambaa, hutawadha kwa kila Sala ya faradhi baada ya wakati kuingia, na huswali na kufunga Ramadhani, na mumewe humuingilia. Sala alizoziacha kwa ujinga atazikidhi. Kwa hiyo mwanamke kabla ya kwenda kutiwa kijiti aandike ada yake: siku ngapi, na baina yake ngapi. Na aandike pia tarehe aliyotiwa. Tumeona wanaohama kutoka Mombasa kuja Ruiru, kadi ikapotea, na kijiti kikabaki mkononi miaka hata hakuna ajuaye kama kingali na nguvu.

Wala fikihi isimzuie mtu daktari. Madhehebu yetu hayakuweka mwisho wa umri wa hedhi, na damu ya mama wa miaka 58 ikitimiza masharti huhesabiwa hedhi kwa ajili ya Sala yake. Lakini damu iliyorudi baada ya kukoma mwaka mzima yataka kupimwa upesi, kwani yaweza kuwa dalili ya saratani ya kizazi. Aache Sala kwa fatwa, na aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kutiwa koili mchana wa Ramadhani hubatilisha Saumu katika madhehebu yetu, kwa kuwa ni kuingiza kitu ndani kwa njia iliyo wazi. Sindano na kijiti havibatilishi. Basi aende kabla ya mwezi, au siku za hedhi yake, na madaktari wengi hupenda siku hizo kwa kuwa huwa na yakini kuwa hana mimba. Amtafute mwanamke Mwislamu wa kumtia. Asipopata, mwanamke asiyekuwa Mwislamu. Asipopata, ndipo mwanamume mwaminifu naye awe na maharimu wake. Thika na Ruiru wauguzi wanawake hawakosekani, na kuomba mwanamke si utovu wa adabu.

La mwisho ni la eda, nalo hakulitaja muulizaji, ila Makadhi hulijua uchungu wake. Mwanamke wa miaka 47 mwenye kijiti au koili ya homoni, haoni damu kabisa, kisha akaachwa. Watu humwambia akae miezi mitatu, kwa kuwa haoni damu. Si kweli. Miezi mitatu iliyotajwa katika Suratut Talaq ni ya aliyekata tamaa ya hedhi na ya asiyewahi kuiona, na umri wa kukata tamaa katika kauli yenye kutegemewa kwetu ni miaka 62. Huyu damu yake imezuiwa na sababu ijulikanayo, kama mwenye kunyonyesha, na eda yake ni tohara tatu. Kwa hiyo akiachwa atolewe kijiti au koili hiyo upesi, angoje damu irudi. Ikirudi kidogo kidogo, kila iliyotimiza masharti tuliyoyataja huhesabiwa. Isiporudi kwa kuwa umri nao umefika, mambo haya yapelekwe kwa Kadhi, ambaye Katiba ya 2010 imemwachia hukumu za ndoa na talaka zetu. Naye aweza kushika madhehebu ya Imamu Malik, nayo ndiyo kauli ya kale ya Imamu Shafi: miezi tisa ya kuthibitisha kuwa hana mimba, kisha miezi mitatu ya eda. Mwenye koili ya shaba hana taabu hii, damu yake yaja kwa ada yake. Na aliyefiwa na mume, awe na kijiti au asiwe nacho, eda yake ni miezi minne na siku kumi maadamu hana mimba.

Wallahu aalam.